Baina ya Israfu na Baridi: Mhadhara wa Ramadhani Kuhusu Matumizi ya Nishati Majumbani

Maandishi ya mhadhara uliotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri, tarehe 9 Ramadhani

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetupa nuru ya kuonea na moto wa kuotea. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, pamoja na Aali zake, Sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Katika siku zilizotangulia tulizungumzia funga ya ulimi na funga ya macho. Leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo kwa mimbari, nalo ni matumizi ya umeme na gesi majumbani mwetu. Si dogo. Ramadhani imetukuta katika baridi, na kwa kuwa mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, Ramadhani za miaka ijayo zitazidi kurudi nyuma hadi katikati ya kipupwe cha nchi hii ya Uingereza. Tutaamka kula daku nyumba ikiwa baridi na tutatawadha alfajiri maji yakiwa baridi, na bili itakuja baada ya Idi. Basi ni wajibu wetu kujua dini yetu inasema nini kabla ya bili kusema.

Ndugu katika imani, katika jamii yetu ziko nyumba za aina mbili, na huenda zikawa katika mtaa mmoja. Katika nyumba ya kwanza redieta zote zinawaka, dirisha limefunguliwa kwa kuwa chumba kimezidi joto, taa zinawaka katika vyumba visivyo na mtu, na watoto wanavaa fulana kana kwamba wako Tanga mwezi wa Januari. Katika nyumba ya pili anakaa mzee peke yake, amevaa koti na kujifunika blanketi juu yake, boila imezimwa tangu asubuhi kwa kuogopa gharama, na akiulizwa hali yake hujibu: "Alhamdulillahi, hatujambo." Nyumba hizi mbili zinahitaji mawaidha tofauti. Anayemwambia mzee yule apunguze matumizi atakuwa amemdhulumu. Na asiyemwambia mwenye nyumba ya kwanza neno lolote atakuwa amemhini nasaha.

Hili ndilo tunalotaka mtoke nalo hapa leo: kuokoa nishati ni kuondoa kile kinachopotea bure. Kujinyima kile kinachohifadhi afya na uhai si kuokoa, wala dini haikutuamrisha hivyo.

Msingi wa jambo hili katika dini

Katika Suratul-Waaqia Mola wetu anatuelekeza tuutazame moto tunaouwasha, anatuuliza ni nani aliyeuotesha mti wake, kisha anatujulisha kwamba ameufanya moto huo kuwa ukumbusho, na kuwa manufaa kwa wasafiri. Tulitafakari jambo hili. Mama zetu waliposhika kuni kwa mikono yao waliuona mti, na walijua umetoka wapi na nani ameubeba. Kipande cha mkaa kilichobaki baada ya kupika kilizimwa na kuwekwa kwa ajili ya kesho. Leo sisi tunabonyeza kitufe ukutani, mti hatuuoni, na kwa sababu hatuuoni tumeusahau. Lakini gesi inayowaka ndani ya boila ni katika moto ule ule, nasi ni wasafiri wale wale, tuliotoka Mombasa, Unguja, Lamu, Barawa, Bukavu na Bujumbura, tukafika nchi ambayo bila ya moto mtu hadumu.

Kisha katika Suratul-Furqaan Mwenyezi Mungu anawasifu waja wake kwamba wanapotumia hawavuki mpaka wala hawabani, bali hushika njia ya katikati. Zingatieni kwamba makosa yaliyotajwa hapo ni mawili. Waadhi wengi husimama kwenye la kwanza, yaani israfu, na kulisahau la pili, yaani kuyabana matumizi ya lazima. Na katika Suratul-Israa tumekatazwa kuufunga mkono shingoni na pia kuukunjua wote.

Wanazuoni wametofautisha baina ya israfu na tabdhiri. Baadhi yao wamesema kwamba israfu ni kupindukia kiasi katika jambo lililo halali, na tabdhiri ni kuitupa mali pale ambapo haistahili kabisa. Katika nyumba zetu yote mawili yapo. Mwenye kupasha chumba joto la digrii 25 wakati digrii 20 zingemtosha, huyo amefanya israfu. Mwenye kuwasha redieta na dirisha likawa wazi, huyo anaupasha joto mtaa, na hiyo ni tabdhiri.

Kuijua mita kabla ya kuilalamikia

Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la nishati ni mita. Wengi wetu tulitumia LUKU kule Tanzania au tokeni kule Kenya, na tulijua vizuri kwamba yuniti zikiisha giza linaingia. Tulipofika hapa na kukatwa malipo benki kila mwezi, tukaacha kuangalia. Turudi kuangalia.

Yuniti moja ya umeme ni nguvu ya wati 1,000 inayotumika kwa muda wa saa moja. Kwa hesabu hiyo, balbu ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 110 kabla ya kumaliza yuniti moja. Balbu ya zamani ya wati 60 itaimaliza kwa muda usiofika saa 17. Birika la umeme la wati 3,000 likichemka mfululizo litaimaliza kwa dakika 20. Hita ya umeme ya wati 2,000 itaimaliza kwa nusu saa. Na bomba la mvua linalopasha maji kwa umeme, ambalo mengi yake hufika wati 9,000, huimaliza kwa muda usiozidi dakika 7.

Hesabu hizi zinatufundisha jambo moja kubwa, kwamba kinachokula nishati nyumbani ni kupasha joto: kupasha hewa, kupasha maji, kupasha chakula na kukausha nguo. Mzazi anayemgombeza mtoto kwa kuacha chaja ya simu ukutani, ilhali hita ya umeme inaunguruma katika chumba kisicho na mtu, anaziba tundu la sindano na kuuacha mlango wazi. Chaja izimwe, ni adabu njema, lakini tuanze na mlango.

Tujue pia kwamba hapa, kwa bei za miaka hii ya karibuni, yuniti ya umeme hugharimu takriban mara 4 ya yuniti ya gesi. Kwa hiyo mwenye boila ya gesi inayofanya kazi vizuri asidhani kwamba ataokoa fedha kwa kuizima na kutegemea hita mbili tatu za umeme. Hita hiyo inafaa kwa chumba kimoja na kwa muda mfupi, si kwa nyumba nzima. Na ile bei ya ukomo inayotangazwa na msimamizi wa nishati kila baada ya miezi 3 si ukomo wa bili. Ni ukomo wa bei ya kila yuniti na wa ada ya kila siku. Anayetumia zaidi atalipa zaidi.

Joto la nyumba

Tuanze na kile kidhibiti cha joto kilichoko ukutani. Watu wazima wenye afya njema wanaweza kukiweka baina ya digrii 18 na 20 wakavaa sweta, na hawatapata dhara. Wengi hukipandisha mpaka 28 wakidhani nyumba itapata joto haraka zaidi. Haipati. Boila haiongezi mwendo kwa sababu ya namba hiyo. Inaendelea kuwaka tu, hata baada ya nyumba kupata joto la kutosha.

Redieta isizibwe kwa kochi, wala isifunikwe kwa pazia refu. Pazia lifungwe jua linapokuchwa na liishie juu ya redieta, ili joto lije chumbani badala ya kwenda kwenye kioo. Mlango wa chumba kinachotumika ufungwe. Pengo lililo chini ya mlango wa nje lizibwe, hata kwa kitambaa kilichokunjwa na kushonwa kama mto mrefu. Mama zetu ni mafundi wa kushona kuliko hilo. Redieta yenye baridi juu na joto chini ina hewa ndani yake, nayo hutolewa kwa ufunguo mdogo unaouzwa kwa bei ndogo katika duka la vifaa vya ujenzi.

Wenye boila za kisasa zisizo na tangi la maji ya moto, wanaweza kushusha joto la maji yanayokwenda kwenye redieta hadi kiasi cha digrii 60. Boila hizi hufanya kazi kwa ufanisi zaidi pale maji yanaporudi yakiwa yamepoa. Lakini mwenye tangi la maji ya moto asilishushe chini ya digrii 60, kwa sababu maji ya vuguvugu yanayokaa huzalisha bakteria wenye kudhuru mapafu. Asiyejua boila yake ni ya aina gani aulize kwanza, na kazi yoyote ya kufungua kifaa cha gesi ifanywe na fundi aliyesajiliwa kisheria.

Na hapa tunatoa onyo ambalo tunaomba kila mmoja alifikishe nyumbani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba kwa ajili ya kuota moto, na jiko la gesi la kupikia lisiachwe likiwaka ili kupasha chumba. Moto wa namna hiyo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Hata chetezo cha udi kisiachwe na mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa watu wakalala. Kifaa cha kutoa king'ora cha gesi hiyo ni cha bei ndogo, na kila nyumba yenye boila au jiko la gesi iwe nacho.

Mtume wetu (S.A.W.) aliwaamrisha Sahaba wazime taa zao wanapolala. Hadithi hiyo imepokewa katika Bukhari na Muslim, na sababu iliyotajwa ni kwamba panya anaweza kuuburura utambi akawachomea watu nyumba. Taa ya utambi imeondoka lakini sababu imebaki. Baadhi yetu huwasha mashine ya kufulia au ya kukaushia nguo wakaenda kulala, au huacha hita karibu na kitanda. Vifaa hivi hushika moto, na mwenye kulala hauoni mwanzo wake. Anayezima kabla ya kulala atapata mambo matatu: amefuata agizo la Mtume, amehifadhi roho za watu wake, na amepunguza bili.

Jikoni katika mwezi wa funga

Mama zetu na dada zetu, nanyi vijana wa kiume mnaopaswa kuwasaidia, jiko la Ramadhani hufanya kazi kubwa. Kunde, maharage na mbaazi zirowekwe tangu usiku, kisha zipikwe kwa sufuria la presha. Muda wa kupika utapungua sana. Kila sufuria lipewe kifuniko chake, na likishachemka moto upunguzwe, kwani maji yanayochemka kwa kishindo hayana joto zaidi ya maji yanayochemka taratibu. Birika litiwe maji ya vikombe vinavyohitajika.

Huko kwetu pilau na wali hupaliwa kwa makaa juu ya kifuniko. Hapa wengi wanalitia sufuria ndani ya oveni kwa muda mrefu ili kupata matokeo yale yale. Moto mdogo kabisa wa jiko la juu, na kifuniko kilichobanwa kwa kitambaa safi ambacho ncha zake zimekunjwa juu mbali na moto, huivisha wali bila ya oveni. Na ikiwa oveni lazima iwashwe, basi sambusa, mikate na kuku viingie kwa zamu zinazofuatana, oveni isipoe na kuwashwa upya mara tatu. Jirani wawili wanaoalikana kufuturu siku moja kwa huyu na siku moja kwa yule, wanapika mara moja badala ya mara mbili, na wanapata thawabu ya kumfuturisha aliyefunga.

Zaidi ya hayo yote, chakula kinachotupwa kimekula gesi mara mbili: cha kwanza kilipikwa kikatupwa, na cha pili kitapikwa kesho badala yake.

Maji ya udhu

Imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi kwa kipimo cha leo haifiki lita moja. Sisi hufungua bomba la maji ya moto, tukasubiri yapate joto, tukaosha viungo huku yakitiririka, tukazungumza na aliye pembeni, na bomba bado liko wazi. Boila inawaka muda wote huo kwa ajili ya maji yanayoingia mferejini.

Hatusemi watu watawadhe kwa maji ya barafu. Wako wanaosikia fadhila ya kukamilisha udhu wakati wa mashaka, wakadhani kwamba mashaka yenyewe ndiyo yanayotafutwa. Wanazuoni wamebainisha kwamba thawabu ni ya anayestahimili mashaka yaliyomkuta, wala haimlazimu mtu kuyatafuta. Twaa kopo au jagi, tia maji ya uvuguvugu kiasi cha udhu mmoja, funga bomba, kisha tawadha. Watoto wafundishwe hivyo tangu wadogo. Na kuoga kwa bomba la mvua, dakika 5 zinatosha kwa mtu mwenye nia ya kuoga.

Akiba inayoleta dhara

Sasa tunageukia upande ambao hauzungumzwi. Baadhi ya watu, kwa kukimbia gharama, huziba kila tundu la hewa, huanika nguo mbichi sebuleni, hupika bila ya kufungua dirisha, na boila imezimwa. Mvuke wa nyumba hiyo hauna pa kwenda. Hugeuka maji juu ya kuta zenye baridi, na baada ya siku chache kuvu jeusi hujitokeza kwenye pembe za chumba cha watoto.

Jambo hili limewahi kuua. Mnamo Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto Awaab Ishak alifariki akiwa na umri wa miaka 2. Novemba 2022 ofisa wa uchunguzi wa vifo alitamka kwamba kifo chake kilitokana na maradhi ya njia ya hewa yaliyosababishwa na kuishi kwa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Mwenyezi Mungu amfanye kuwa akiba kwa wazazi wake. Sheria ilitungwa kwa jina lake, na tangu Oktoba 2025 halmashauri na mashirika yanayopangisha nyumba za bei nafuu hapa England yanalazimika kuchunguza na kurekebisha unyevu na kuvu lenye hatari ndani ya muda uliowekwa. Kwa hiyo mpangaji asinyamaze. Aandike, apige picha, aweke tarehe, na ahifadhi majibu. Kudai haki kwa maandishi si utovu wa shukurani.

Dirisha la jikoni na la bafuni lifunguliwe kwa muda mfupi baada ya kupika na kuoga, mlango wa ndani ukiwa umefungwa, kisha lifungwe. Tundu la hewa lililowekwa na wajenzi lisizibwe. Nguo zianikwe chumba kimoja chenye dirisha lililofunguliwa kidogo. Joto dogo litakalotoka ni bei ndogo kuliko pumzi ya mtoto.

Ni nani asiyepaswa kupunguza

Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba nyumba katika nchi za baridi isishuke chini ya digrii 18. Kwa wazee, watoto wachanga, wenye pumu na wenye maradhi ya moyo, kiasi hicho kisikaribiwe kwa ubishi. Na tuwataje hasa wagonjwa wa selimundu, ambao wamo katika familia zetu nyingi. Baridi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu yao na kuwapeleka hospitali. Nyumba yenye mgonjwa huyo ipashwe joto, na hesabu ya kuokoa ifanywe mahali pengine.

Tuikumbuke habari ya Amri bin Al-Aas (radhi za Allah zimfikie) katika vita vya Dhatis-Salaasil. Alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia kwamba akioga ataangamia, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimuuliza, naye akaeleza kwamba alikumbuka katazo la Mwenyezi Mungu la kuziua nafsi. Mtume akacheka, na hakusema neno. Haya yamepokewa na Abu Daud. Ikiwa josho la janaba, ambalo ni faradhi, limeondolewa kwa hofu ya baridi, basi ni nani aliyetuhalalishia kumwacha mama mzee atetemeke ili bili ishuke kwa pauni 10?

Na iko sababu nyingine ambayo wengi huificha. Wako miongoni mwetu wanaozima boila ili fedha za kutuma nyumbani zisipungue. Ada ya shule inasubiriwa, dawa ya mzazi inasubiriwa, paa la nyumba ya familia linasubiriwa. Kutuma ni ibada, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuanza na nafsi zetu katika kutoa, kisha wale tulio na wajibu nao, kisha jamaa. Na aliikubali kauli ya Salmani alipomwambia Abu Dardaa kwamba nafsi yake ina haki juu yake. Aliyeko Tanga au Kigoma haijui baridi ya chumba cha digrii 12, na wala hakuomba mtu augue kwa ajili yake. Tuwaambie ukweli. Kuwatumia kidogo kwa miaka mingi ni bora kuliko kuwatumia kingi kwa miaka michache kisha wakapokea habari ya ugonjwa.

Aliyelemewa asijifiche. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Anayepokea msaada wa serikali kwa sababu ya kipato kidogo aulize kuhusu punguzo la pauni 150 kwenye bili ya umeme wakati wa baridi. Mzee, mgonjwa, au mwenye mtoto mdogo aombe kuandikishwa kwenye daftari la wateja wa kipaumbele la kampuni yake ya nishati. Kuandikishwa ni bure. Mwenye mita ya kulipia kabla ajue kwamba upo mkopo wa dharura ndani ya mita, nao hulipwa baadaye, na ajue kwamba ada ya kila siku hukusanyika hata asipotumia gesi kabisa, kwa hiyo asishangae deni la kiangazi likimsubiri. Ofisi za Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo, na halmashauri nyingi zina mifuko ya dharura. Asiyejua kuandika Kiingereza, msikiti una vijana waliosoma. Hiyo ndiyo zaka ya elimu yao.

Na tuikumbuke zaka yenyewe. Katika mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut-Tauba limo fungu la wenye madeni. Muislamu aliyeingia deni la gesi kwa kuwapasha joto watoto wake, naye hana cha kulilipia, anaingia katika fungu hilo bila ya kuona haya.

Msikiti nao ni nyumba

Inasimuliwa kwamba Khalifa Omar bin Abdul-Aziz alikuwa na taa ya mali ya umma, aliyoitumia kwa shughuli za umma, na mazungumzo yalipogeukia mambo yake binafsi aliizima na kuwasha yake. Umeme na gesi ya msikiti huu ni sadaka zenu. Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati: ukumbi mkubwa upashwe joto kwa Sala ya Isha na Tarawehe, na chumba kidogo kitumike kwa Sala zenye watu wachache; awekwe mtu mmoja kwa kila usiku wa kuzima redieta na taa baada ya Witri; mita isomwe kila Ijumaa na namba ibandikwe mlangoni. Na kile kitakachookolewa kiwekwe katika mfuko wa kuzisaidia nyumba zenye baridi za watu wetu. Hapo nyumba ya kwanza itakuwa imeipasha joto nyumba ya pili.

Tunahitimisha kwa mambo matatu ya usiku wa leo. Kwanza, kila mwenye nyumba asome mita yake kabla ya kulala, na aisome tena baada ya siku saba. Pili, azunguke vyumba vyake azime kinachowaka bila ya mtu. Tatu, kila mmoja wetu amtembelee mzee au mgonjwa mmoja anayeishi peke yake, akae naye ndani ya chumba chake kwa robo saa bila ya kuvua koti, na ajipime mwenyewe kama anatamani kulivua. Asimuulize, "Hujambo?" akaridhika na "Sijambo." Aiguse redieta.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa wenye kushukuru neema zako kwa kuzitumia kwa kiasi. Tuepushe na israfu, na utuepushe na ubakhili kwa nafsi zetu na kwa waja wako. Waponye wagonjwa wetu, wahifadhi wazee wetu, uwarehemu waliotutangulia, na uitakabali funga yetu na visimamo vyetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.